Wadudu wa Mama Mkwe

Karibu kila mdudu niliyempiga picha nzuri hapa Kampala, aliyemwona kwanza alikuwa mama mkwe wangu. Mimi nilifika pale baadaye, yeye akiwa ameshaondoka.

Alikuja kila Jumamosi asubuhi, kutoka kwake Mbuya hadi kwetu Ntinda, kabla jua halijakausha majani. Hakuingia ndani moja kwa moja. Alizunguka ua wetu peke yake, polepole, kwa mwendo ule ule aliokuwa akiwakagua nao wanafunzi mstarini enzi zake za ualimu mkuu. Kwenye mshipi wa gomesi yake, lile vazi refu la wanawake wa Kiganda, alichomeka nyuzi za mgomba mkavu, zile ambazo Waganda huziita byayi na huzitumia kufungia kila kitu, kuanzia miguu ya kuku hadi mzigo wa kuni. Alipoona kiumbe kinachostahili, alifunga uzi mmoja kwenye tawi la karibu, fundo legevu, kisha akaendelea na safari yake. Alipomaliza aliingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Mlango huo ulipofungwa, ndipo mimi nilipotoka kwa mlango wa mbele, kamera shingoni.

Nimejaribu mara nyingi kueleza utulivu wa saa ile na sijafaulu. Magari ya Ntinda yalikuwa yameshaanza kugombana barabarani, lakini ndani ya ua kelele zao zilifika zikiwa zimelainika, kama sauti za watu wanaozungumza chini ya maji. Umande ulining'inia kwenye mpasheni uliotambaa ukutani. Nilitafuta uzi wa kwanza, nikapiga magoti, nikasubiri macho yangu yazoee. Na taratibu, mahali palipokuwa na jani tu, palitokea vunjajungu aliyeikunja mikono yake kifuani. Kwenye uzi wa pili mwiba mmoja wa waridi ulianza kutembea. Nilihisi naingia katika ndoto ya mtu mwingine, ndoto ambayo mwenyewe ameshaamka na kuniachia mlango wazi.

Inanipasa nieleze kwa nini hatukutembea pamoja. Kwa Waganda, mwanamume na mama wa mkewe hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja humpisha mwenzake kwa mbali. Wanaliita jambo hilo obuko. Neno hilo ni jina la ukwe wenyewe, na ni jina pia la ugonjwa unaomjia mtu anayeuvuka mpaka huo: mikono huanza kutetemeka, na haiachi.

Mimi si Mganda. Nilizaliwa pwani ya Kenya, kando ya hori lenye mikoko, nikaja Kampala kusomea elimu ya viumbe katika chuo kikuu kilicho jirani na Wandegeya. Mke nilimpata darasani. Kazi niliipata mjini, ya kuuza darubini na vyombo vya maabara, na tangu hapo pwani imekuwa kwangu mahali pa likizo. Nilipooa niliambiwa sharti la obuko, nikalikubali kama mtu anavyokubali kuvua viatu mlangoni pa watu. Miaka ilivyopita liliacha kuwa sharti. Likawa namna yetu ya kuheshimiana, na baadaye, nadhani, ya kupendana.

Mama mkwe Kiswahili chake alikipata kazini, katika shule ya msingi ya watoto wa askari huko Mbuya, wengi wao wakiwa wametoka kaskazini na wazazi wao. Kilikuwa Kiswahili cha kambini, kifupi, chenye amri ndani yake. Na kwa kuwa wazee walioweka mila hawakuitaja simu ya mkononi, tuliitumia bila kujiona wakosaji. Yeye akiwa jikoni na mimi sebuleni, ukuta mmoja ukiwa kati yetu, tulipigiana.

"Muko," alisema, akimaanisha mkwe wake wa kiume, "umeona ile ya kwa mupapai?"

"Nimeiona, Mama. Ni nondo."

"Mimi nilifikiri ni mavi ya ndege."

"Ndivyo anavyotaka ufikiri."

"Kumbe mwongo. Piga yeye picha, tumujue."

Binti yetu, aliyekuwa akifanyia kazi zake za shule mezani, aliinua kichwa, akamwita bibi yake. "Jjajja, nakusikia mara mbili. Mara moja kwenye simu ya baba, mara moja ukutani."

"Basi ziba sikio moja."

Ukoo wa mama mkwe unajitambulisha kwa yangeyange, ndege mweupe anayefuatana na ng'ombe. Watu wa ukoo huo hawamli ndege huyo wala hawamdhuru. Jioni, makundi yao yalipopita juu ya Ntinda yakielekea malaloni, mama mkwe alisimama popote alipokuwa na kuyaangalia hadi yaishe. "Ndugu zangu wamefunga ofisi," alisema. Picha moja niliyompelekea, yangeyange amesimama juu ya mgongo wa ng'ombe kama mtu anayehutubia, aliitia fremu na kuitundika sebuleni kwake, katikati ya picha ya marehemu mumewe na ile ya kaka yake mkubwa.

Mwaka mmoja, likizo ya Agosti, tulimshawishi afuatane nasi pwani. Alikuwa amestaafu bila kuiona bahari. Nyumba ya wazazi wangu ingali pale kando ya hori, na shangazi yangu anaishi jirani, ng'ambo ya ua; mama mkwe alilala kwa shangazi, sisi kwetu, na mila haikupata usumbufu wowote. Alikuja na gomesi zake, dawa zake za presha, na kifurushi cha byayi alichokifunga vizuri ndani ya sanduku kana kwamba pwani hakuna migomba.

Tuligawana hori. Maji yalipokupwa, yeye na binti yangu walitangulia upande wa mikokoni, nami nikafuata baada ya muda, nikiziangalia nyuzi zake kwenye mizizi. Ilikuwa nuru ya aina ambayo siipati Kampala: nyeupe, isiyo na kivuli, inayotoka juu na chini kwa pamoja. Tope lilimetameta hadi mwisho wa macho. Vitwitwi walikimbia ukingoni mwa maji, wakigeuka wote kwa mara moja, wakiwa kundi, kisha moshi, kisha kundi tena. Sululu alizamisha mdomo wake mrefu uliopinda, akautoa, akausikiliza. Niliweza kulala kifudifudi juu ya mkeka kwa muda mrefu nikimtazama ndege mmoja hadi nikasahau kwamba nina kamera, hata kwamba nina mwili.

Lakini mfumo wetu wa Ntinda haukufaa pale, nasi hatukuliona hilo tulipoupanga. Ndege hawakai kama wadudu. Nilifika kwenye uzi na kukuta tope tupu. Nikampigia.

"Mama, hapa hamna kitu."

"Alikuwa hapo. Mukubwa, miguu ya rangi."

"Ameruka."

"Sasa hiyo ni kosa yangu? Piga picha ya hewa."

Nikaipiga. Ninazo hadi leo picha nyingi za likizo ile ambamo hamna ndege: uzi mkavu wa mgomba wa Uganda umefungwa kwenye mzizi wa mkoko, na chini yake, kwenye tope, nyayo za vidole vitatu zinazokwenda hatua chache na kuishia katikati ya mahali. Nazipenda kuliko picha za ndege wenyewe. Kila nikizitazama naona kama mtu aliyeandika sentensi, akainuka akaondoka kabla ya kitenzi.

Siku moja kabla hatujarudi, aliona yangeyange. Si wale wa ng'ombe hasa, ni jamaa yao wa pwani mwenye mdomo mweusi na vidole vya manjano, lakini kwake walikuwa ni wale wale. Nilimsikia kwa mbali akimwambia binti yangu kwa furaha, "Hata huku wako! Hata huku!" Akawafuata. Aliwafuata kama mtu anavyomfuata jamaa aliyemwona ghafla katika mji wa ugenini, bila kuangalia pa kukanyaga, na mahali ambapo mikoko inaisha mguu wake mmoja ulizama hadi gotini. Gomesi ilijaa tope ikawa nzito. Maji yalikuwa yameshaanza kurudi.

Binti yangu alinipigia ukelele, na huo haukuhitaji simu. Nilikimbia. Nilipowafikia, mtoto alikuwa amemshika bibi yake mkono na wote wawili walikuwa wanazama zaidi. Nilisimama hatua chache, na hata katika dakika ile nilikumbuka. Nikavua kamera shingoni, nikaitoa mkanda wake, nikamrushia ncha moja.

"Shika, Mama. Nitavuta."

Aliushika. Nilivuta, ukateleza kwenye viganja vyake vilivyojaa tope. Nikavuta tena, ukateleza tena. Maji yalifika kiunoni mwa gomesi.

"Mama, nakuja."

"Usiniguse!"

"Mama, maji."

Aliyatazama maji. Akafumba macho. "Haya. Lakini usiangalie."

Basi nami nilifumba. Nilimshika makwapani, kifua changu mgongoni mwake, nikamvuta nikiwa kipofu, na tope likamwachia kwa sauti kubwa iliyomfanya binti yangu acheke na kulia kwa pamoja. Tulianguka wote. Nilipofumbua macho, mama mkwe alikuwa ameshasimama na anakwenda nyumbani kwa shangazi bila kugeuka, yangeyange wawili wakiwa wametulia kando yake kana kwamba hakuna lililotukia.

Jioni alimtuma mjukuu wake. "Jjajja anasema asante," binti yangu aliniambia. "Na anasema pole."

Sikuuliza pole ya nini.

Novemba, senene walipoanguka Kampala, nilitoka kwenda kuwapiga picha kama kila mwaka. Vijana walikuwa wamesimamisha mabati yao na taa kali, na panzi wale wa kijani walikuja kutoka angani kama mvua iliyobadili mawazo. Nilipiga nyingi. Nyumbani, nilipozifungua kwenye kompyuta, kila senene alikuwa na vipapasio vinne. Nilidhani ni lenzi. Juma lililofuata kereng'ende wa bombani alitoka na mabawa manane. Kisha asubuhi moja kanisani, wakati wa chai baada ya ibada, kikombe changu kilianza kugonga sahani yake, tik tik tik, na mke wangu, ambaye ana duka la dawa na anazijua sauti za miili ya watu, aliushika mkono wangu na kuutazama kwa makini sana.

Tulikwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Alinichoresha duara, akaninyoosha vidole, akaniuliza kuhusu baba yangu. Nikamkumbuka baba akiweka kikombe chake juu ya mkono wa kiti na kukiinamia, badala ya kukiinua. Sisi watoto tulidhani ni tabia. Daktari akasema ndio huo: mtetemo unaotembea katika familia, si ule ugonjwa mwingine mbaya wa kutetemeka. Hautaniua. Hautaniacha pia.

Mama mkwe aliujua kabla hatujamwambia. Alikuja Jumamosi kama kawaida, akafunga nyuzi zake, na alipokuwa anaelekea mlango wa nyuma mimi nilikuwa dirishani, nimeshika sahani ya maembe. Hakuniangalia usoni, aliiona sahani. Akasimama. Akazirudia nyuzi zote alizozifunga asubuhi ile, akazifungua moja baada ya nyingine, akatoka kupitia geti.

Hakuja tena. Simu yangu hakuipokea. Krismasi mke wangu alikwenda Mbuya peke yake na akarudi macho mekundu. Mama yake alikuwa ameamua kuipangisha nyumba ya Mbuya na kuhamia kijijini kwa kaka yake, upande wa Masaka, mbali na mimi, ili ugonjwa usizidi.

"Nimemwambia kuhusu baba yako na kikombe chake," mke wangu alisema. "Nimemwambia jina la ugonjwa. Unajua amenijibu nini? Kwamba daktari anatibu mkono, hajui mkono umegusa nani."

"Basi tufanye ile dawa ya mila. Mjomba wako alisema iko, ya kupeana zawadi ya kuku mbele ya wazee. Mimi niko tayari hata kesho."

"Hataki. Anasema alifundisha watoto wa watu sayansi maisha yake yote, leo akae na kuku mbele ya wazee wamwombee?"

Hapo ndipo alipokuwa amekwama, na hapakuwa na mkanda wa kumrushia. Aliiamini mila kiasi cha kukimbia nyumba yake, hakuiamini kiasi cha kukubali tiba yake. Mimi mwenyewe, nitasema wazi, sijui ninaamini nini. Asubuhi ninaamini darubini. Lakini yapo mambo ambayo mtu huyabeba kwa miaka mingi kwa sababu ya upendo, na akiyabeba vya kutosha huwa na uzito wa kweli, yawe ya kweli au yasiwe. Sikutaka kumshinda kwa hoja. Nilitaka asihame. Mke wangu alikuwa na mama mmoja, binti yangu alikuwa na bibi mmoja, nami, kusema kweli, sikuwa na macho mengine ila yake. Jumamosi nilitoka uani, nikapita mbele ya majani, na yote yalikuwa majani.

Niliacha kupiga picha. Kamera ilibaki ndani ya gari.

Mwanzoni mwa mwaka, Jumamosi moja, mke wangu alinipa maboksi matupu ya dawa, yamekunjwa na kufungwa pamoja. "Yapeleke kwa mama, uyaache barazani tu. Anafunga vyombo. Mimi nikifunga duka nitafuata."

Nyumba yake ya Mbuya iko mteremkoni, baraza yake inatazama mabonde yaliyojaa mabati na migomba, na mchana ule ukungu mwepesi ulikuwa haujamaliza kuondoka, hivyo kila kitu cha mbali kilikuwa kinaelea. Mlango ulikuwa wazi nusu. Ndani nilisikia sauti ya utepe wa gundi ukivutwa na kukatwa. Nikayaweka maboksi chini kwa upole. Ile sauti ikanyamaza. Tulisimama hivyo, kila mmoja upande wake, kama zamani lakini bila simu.

Nilipogeuka kuondoka, alisema kwa sauti ya mtu ambaye amejizuia akashindwa:

"Muko."

"Naam, Mama."

"Hapo pembeni ya mulango, kwa ukuta. Kuna mutu anajenga."

Nikatazama. Usawa wa kidevu changu, kwenye pembe ya fremu ya mlango, nyigu mwembamba mweusi mwenye kiuno kama uzi alikuwa anafinyanga chungu. Kilikuwa na ukubwa wa gololi, cha tope jekundu la Mbuya, mbichi bado, na alikuwa anakizunguka kinywa chake akikikunja kwa nje kama mfinyanzi wa kweli anavyofanya. Sijawahi kuona kitu kidogo kilichotengenezwa kwa makini namna ile.

"Sina kamera, Mama."

"Iko kwa gari. Siku zote iko kwa gari."

Nikaileta. Chini ya baraza nuru ilikuwa haba, na nuru haba inataka mkono uliotulia. Nikapiga. Nikapiga tena. Nyigu akaruka kwenda kutafuta tope, akarudi na donge lake, akalibandika, nikapiga. Kila nilipotazama kioo cha kamera niliona nyigu wawili wanajenga vyungu viwili.

"Mbona unapiga nyingi hivyo?" aliuliza kutoka ndani. "Mutu mumoja tu."

"Zinatikisika."

Nilijuta kulitamka neno hilo, lakini lilikuwa limeshafika. Nikaishusha kamera.

"Mama, nikuulize kama mwanafunzi?"

"Uliza."

"Obuko ukishamwingia mtu, unaweza kumwingia mara ya pili?"

"Hapana. Ukiingia umeingia."

"Na huu wangu umeingia?"

"Si unaona mukono?"

"Basi mlango huu tunaufunga tukimzuia nani?"

Nilisikia kiti kikisogezwa. Nyigu aliondoka, akarudi. Bondeni mtu alikuwa anapiga msumari kwenye bati, na mwangwi ulichelewa kila mara.

"Na kama daktari ndiye yuko na ukweli," alisema mwishowe, polepole, kama anayesahihisha mtihani wake mwenyewe, "basi hakukuwa na kitu tangu mwanzo."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hiyo upande huu mimi mujinga, na upande huu mimi mujinga."

"Sikusema hivyo."

"Mimi ndiye nimesema. Usichukue maneno yangu."

"Mama, mimi sitaki chochote ila usihame."

Akakohoa. Kisha mlango ukafunguka, na mama mkwe akatoka kinyumenyume, mkono mmoja ukipapasa ukuta, uso wake ukielekea ndani ya nyumba. Kilemba chake kilikuwa kimelegea. Alikuja hivyo hadi pembeni mwa fremu, akageuka kuutazama ukuta, na akasimama wima, kidogo mbele yangu, mgongo kwangu. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Kwa miaka yote sikuwahi kuwa karibu naye kiasi cha kulijua hilo, nikiwa na macho wazi.

"Weka," alisema.

"Niweke nini?"

"Hiyo chuma yako." Alijipiga bega la kulia, makofi mawili, kama mtu anayepangusa vumbi kwenye kiti cha mgeni. "Weka hapa."

"Mama..."

"Huyu hatakungoja. Nuru pia. Weka."

Niliinama, nikaiweka lenzi juu ya bega lake. Lilikuwa gumu na la moto, lilinuka sabuni ya mche na karatasi za maboksi. Mtetemo wa mkono wangu ulishuka ndani ya bega lile, nami nikausikia ukienda, ukipungua, ukipotea mahali fulani kwenye mwili wa mwanamke yule aliyesimama kama alivyowafundisha watoto wa askari kusimama. Tuliutazama ukuta pamoja. Kwa mara ya kwanza tulikuwa tunamwona mdudu mmoja kwa wakati mmoja. Nyigu alipandisha kinywa cha chungu, akakikunja. Nikabonyeza.

"Imetoka?"

Nikatazama kioo. Nyigu alikuwa mmoja, lakini alikuwa na ukungu, kama anayeonekana nyuma ya pazia.

"Bado, Mama. Unapumua."

"Unataka nife?"

"Nataka uzuie pumzi kidogo tu."

"Mutu ananivunja bega na bado anataka pumzi yangu." Bega lilitikisika chini ya lenzi, alikuwa anacheka. "Akirudi na tope, sema."

Geti likalia nyuma yetu. Sikugeuka, lakini nilizijua hatua za mke wangu kwenye changarawe, na nikazisikia zikisimama ghafla. Kivuli chake kilitufikia, kikapanda ukutani.

"Wewe," mama yake alisema bila kugeuza kichwa, "toka hapo, unaziba nuru."

Kivuli kikasogea. Mke wangu aliyatazama maboksi barazani. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mama, na haya maboksi?"

"Rudisha kwa duka lako. Huoni tuko kazini?"

Kwa pembe ya jicho, juu ya migomba ya bonde, niliona kitone cheusi kikija kwetu, kikiwa kimebeba kitu kizito kuliko chenyewe.

"Anakuja," nikasema, nikalisikia bega likijaa pumzi na kutulia.